Kwenda na Kurudi: Je, Mashine Inayosimama Hupoteza Nishati?
Kutoka mivukuto ya wahunzi wa Buhaya hadi mashine za almasi zisizoonekana kwa macho

Kazi nyingi katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, hufanywa kwa mwendo wa kwenda na kurudi. Mchi hupanda na kushuka katika kinu. Msumeno wa wapasua mbao huvutwa huku na huvutwa kule. Sindano ya cherehani hupenya kitambaa na kutoka mara mamia kwa dakika moja. Ndani ya injini ya mtumbwi unaotoka pwani ya Muleba kwenda Bumbire, pistoni hukimbia juu na chini katika silinda yake. Vitu hivi vyote vina tabia moja: kabla ya kugeuka, sharti visimame. Kwa kitambo kidogo mno kasi yao huwa sifuri, kisha safari huanza upya kuelekea upande wa pili.

Kutokana na tabia hiyo, wanafunzi wengi wa sekondari, na hata watu wazima wenye ujuzi wa ufundi, huamini kwamba mashine ya namna hii ina hasara kwa asili yake. Hoja yao ni kwamba kitu kinachokwenda kina nishati ya mwendo. Kikisimama, nishati hiyo huwa imetoweka, na ili kianze tena safari sharti kipewe nishati mpya. Kwa hiyo, wasema, mashine inayozunguka ni bora daima kuliko inayokwenda na kurudi, na kadiri mashine inavyosimama mara nyingi ndivyo inavyopoteza zaidi.

Hoja hii inavutia, lakini ina kasoro kubwa. Kusimama si kupoteza. Hasara huja pale ambapo nishati ya kitu kinachosimama haikuwekewa mahali pa kupokelewa na kurudishwa. Katika makala haya tutaieleza kanuni hiyo kwa mifano ya karibu nasi, kisha tutaifuata hadi katika mashine ndogo kabisa ambazo wanasayansi wamepata kuzifikiria, yaani mashine za almasi zenye vipimo vya nanomita. Huko swali hili huwa zito zaidi, kwani hasara ndogo ikizidishwa mara bilioni nyingi yaweza kuyeyusha matumaini yote ya uvumbuzi huo. Tena suala hili si la kubishania tu. Anayeamini kwamba kusimama ndiko kupoteza atatafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe atauacha.

KINU, MVUKUTO NA CHEREHANI

Tuanze na kinu. Mama anayetwanga huinua mchi, kisha huusukuma chini kwa nguvu. Mchi husimama ghafla juu ya nafaka, na nishati yake yote ya mwendo humalizikia hapo. Je, imepotea? La. Nishati hiyo ndiyo iliyovunja punje na kutenganisha maganda. Sehemu yake imegeuka kuwa joto na mlio. Katika kinu, kusimama ndiyo kazi yenyewe.

Mfano wa pili ni mvukuto wa mhunzi. Nchi ya Buhaya ina historia ndefu ya kuyeyusha chuma. Huko Katuruka, karibu na Maruku katika Wilaya ya Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt walikuta mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Katika miaka ya 1970 Schmidt alishirikiana na wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka ufundi huo, wakajenga tanuri na kuyeyusha chuma upya ili kazi hiyo ichunguzwe. Hewa ya kuchochea moto ilisukumwa kwa mivukuto: chombo kilichofunikwa kwa ngozi, na ngozi hiyo huinuliwa na kushindiliwa kwa mkono.

Mkono wa mvukutaji hupanda na kushuka kwa saa nyingi. Kila unapofika mwisho wa safari, misuli huusimamisha, na kisha misuli ya upande wa pili huurudisha. Hapa ipo hasara ya kweli. Msuli unaozuia mkono usiendelee hutumia chakula cha mwili ili kuzuia, na nishati ya mkono hugeuka kuwa joto. Kano za mwili huhifadhi sehemu ndogo tu ya nishati hiyo. Ndiyo maana mvukutaji hutoka jasho hata pale ambapo kazi iliyoifikia hewa ni ndogo.

Mfano wa tatu ni cherehani. Tuseme fimbo ya sindano, pamoja na vipande vinavyokwenda nayo, ina tungamo la kilogramu 0.1, inasafiri sentimita 3 kutoka juu hadi chini, na fundi anashona mishono 10 kwa sekunde. Kasi yake ya juu kabisa, katikati ya safari, ni karibu mita 0.94 kwa sekunde. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kasi mara kasi. Kwa hiyo hapo fimbo ina karibu jouli 0.044. Kama nishati hii ingepotea yote kila fimbo inaposimama, yaani mara 2 kwa kila mshono, fundi angelipa karibu wati 0.9 kwa ajili ya kusimama tu.

Lakini halipi hivyo. Fimbo ya sindano imeunganishwa na gurudumu zito. Fimbo inapopunguza kasi, hulisukuma gurudumu, nalo huongeza kasi kidogo sana. Fimbo inapoanza safari ya kurudi, gurudumu huisukuma na kurudisha kile lilichopokea. Gurudumu ni kama ghala: huweka na kutoa. Fundi hulipia msuguano wa vyuma, kazi ya kupenya kitambaa, na ule mlio tunaousikia, kwa maana mlio nao ni nishati inayotoroka.

Hali ni hiyo hiyo katika injini ya mtumbwi. Pistoni husimama mara 2 katika kila mzunguko wa krenki, lakini nishati yake hupokelewa na krenki na gurudumu lake. Zaidi ya nusu ya nishati iliyomo katika mafuta hupotea kweli, lakini hupotea kama joto linalotoka na moshi na maji ya kupoozea, pamoja na msuguano. Mwenye mtumbwi anayelalamikia kusimama kwa pistoni anamshitaki asiye mwizi.

ULIMWENGU WA NANOMITA

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwezi Desemba mwaka 1959, mwanafizikia Richard Feynman wa Marekani alitoa mhadhara ambamo alihoji ni kitu gani katika kanuni za fizikia kinachotuzuia kuunda vitu kwa kupanga atomi moja moja. Jibu lake lilikuwa kwamba hakuna. Mwaka 1992, K. Eric Drexler alichapisha kitabu kiitwacho Nanosystems, na ndani yake akafanya hesabu za mashine kamili zenye magurudumu, mihimili na fimbo za kwenda na kurudi, zote zikiwa na vipimo vya nanomita na zimeundwa kwa mada inayofanana na almasi.

Yafaa isemwe wazi kwamba mashine hizo kamili hazijaundwa. Zipo katika hesabu na katika programu za kompyuta. Lakini vipande vyembamba vya almasi vinavyotetema vimekwisha kuundwa na kupimwa, na vipimo vyake vinatuwezesha kuzungumza kwa uhakika kuhusu upotevu wa nishati. Tutavirudia baadaye.

Kwa nini almasi? Watanzania wengi huijua almasi kwa ajili ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ambako mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada aligundua mwamba wenye almasi mwaka 1940. Mhandisi haitazami almasi kama pambo. Kwake, almasi ni kaboni ambayo kila atomi yake imeshikwa na atomi nyingine 4 kwa vifungo vikali. Kwa hiyo ukakamavu wake ni zaidi ya mara 5 ya ule wa feleji, na sauti husafiri ndani yake kwa kasi ya karibu mita 18,000 kwa sekunde. Aidha, si lazima itoke ardhini. Mwaka 1954 kampuni ya General Electric ya Marekani ilifaulu kutengeneza almasi kwa shinikizo na joto kubwa, na siku hizi almasi safi hukuzwa kutokana na gesi ya methani, tabaka juu ya tabaka.

Sasa tuchukue kipande cha almasi chenye umbo la mchemraba, kila upande nanomita 20. Kina atomi zipatazo milioni 1.4, na tungamo lake ni karibu kilogramu 2.8×10⁻²⁰. Tukifanye kiende na kurudi katika njia ya nanomita 20, mara milioni 10 kwa sekunde. Kasi yake ya juu kabisa itakuwa karibu mita 0.63 kwa sekunde. Msomaji atashangaa kwamba kasi hiyo ni ndogo kuliko ile ya fimbo ya cherehani. Siri yake ni kwamba njia ni fupi mno, hivyo hata kasi ya mtu anayetembea polepole inatosha kuimaliza mara mamilioni kwa sekunde.

Mwanafunzi makini atauliza: je, kipande hicho hakitapasuka kwa kugeuzwa mara nyingi namna hiyo? Mchapuko wake kwenye ncha za safari ni karibu mita milioni 40 kwa sekunde kwa sekunde, yaani mara milioni 4 ya mchapuko wa kitu kinachodondoka kutoka mtini. Hata hivyo kani inayohitajika ni ndogo, kwa sababu tungamo ni dogo zaidi: ni karibu newtoni 1.1×10⁻¹² tu. Ukiigawa kani hiyo kwa eneo la uso wa kipande, utapata shinikizo la paskali 3,000 hivi, ambalo halifiki hata sehemu moja ya 30 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Almasi haitahisi kitu.

Nishati yake ya mwendo ni karibu jouli 5.5×10⁻²¹. Namba hii ina maana ya pekee. Katika jotoridi la sentigredi 27, kila kitu, hata kikiwa kimetulia mezani, hutikisika kwa sababu ya joto, na wastani wa nishati ya mtikisiko huo kwa kila mwelekeo mmoja ni karibu jouli 2.1×10⁻²¹. Kwa jiwe au kwa sindano ya cherehani mtikisiko huo si kitu. Kwa kipande chetu, unakaribia nusu ya nishati ya safari yake yenyewe. Ndiyo sababu mashine ya nanomita sharti iwe kakamavu: ikiwa laini, joto la kawaida litaitikisa na kuitoa katika njia yake.

MILANGO MINNE YA HASARA

Tumekwisha kuona kwamba kusimama kwenyewe hakupotezi nishati, mradi liwepo gurudumu au springi ya kuipokea. Basi katika mashine ya almasi nishati hutorokea wapi? Tunaweza kutaja milango minne.

Mlango wa kwanza ni msuguano wa nyuso. Uso wa almasi, hata uliosawazishwa kikamilifu, una vilima na mabonde ya atomi. Fikiria vitana viwili. Vikiwa na meno yenye nafasi sawa, ukivikutanisha hukwama. Vikiwa na nafasi tofauti, jino moja likiwa linapanda jingine linashuka, na kani zao hubatilishana. Mwaka 2004 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha jambo hili kwa tabaka za grafiti: atomi za nyuso mbili zilipopangana, msuguano ulikuwa mkubwa, uso mmoja ulipogeuzwa ili zisipangane, msuguano ulikaribia kutoweka. Hata hivyo hautoweki kabisa. Atomi zote hutetemeka kwa joto, na kipande kinachopita huzisukuma kama mtumbwi unavyosukuma mawimbi ziwani. Upinzani wa namna hii huongezeka kwa kadiri ya kasi.

Mlango wa pili ni mshtuko. Beba ndoo ya maji iliyojaa. Ukianza kutembea taratibu, maji hutulia. Ukichomoka ghafla, hupiga mawimbi na kumwagika. Mawimbi hayo ni nishati uliyoitoa wewe, na hutairudishiwa. Vivyo hivyo, kipande kikisukumwa ghafla hubaki kinatetema ndani yake, na mtetemo huo huishia kuwa joto. Ni ghafla kiasi gani? Hupimwa kwa muda ambao sauti huchukua kukipita kipande. Katika kipande chetu muda huo ni karibu sekunde 1.1×10⁻¹², ilhali safari moja ya kwenda na kurudi huchukua sekunde 10⁻⁷, yaani karibu mara 90,000 zaidi. Kwa kipande cha almasi, kugeuka mara milioni 10 kwa sekunde ni mwendo wa taratibu, ilimradi kigeuzwe kwa ulaini na kisigonge ukuta.

Mlango wa tatu ni kubanwa na kuachiwa. Kila anayejaza upepo tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto. Kitu kigumu nacho kikibanwa hupata joto kidogo, kikivutwa hupoa kidogo. Joto likihama kutoka sehemu iliyobanwa kwenda iliyovutwa kabla mwendo haujageuka, nishati haiwezi kurudi yote. Mwanafizikia Clarence Zener alilieleza jambo hili katika miaka ya 1930. Almasi hutanuka kidogo sana kwa joto, kwa hiyo hasara hii huwa ndogo ndani yake, lakini ipo.

Mlango wa nne ni mahali mashine iliposhikiliwa. Kipande kinapokwenda kushoto, hukisukuma kitako chake kulia. Kitako hutetema na kupeleka mtetemo mbali, kama sakafu inavyotetema cherehani inapokimbia. Dawa yake ni kutumia vipande viwili vinavyokwenda kinyume kwa wakati mmoja, ili misukumo yao ibatilishane. Mivukuto ya wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu kwa kawaida hufanywa ya jozi, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Wahunzi walifanya hivyo ili hewa isikatike, si kwa ajili ya kuzuia mtetemo, lakini umbo la mwendo ni lile lile ambalo mhandisi wa leo angelichagua.

Juu ya milango hii minne iko tahadhari moja kuhusu uso wa kitu. Katika mchemraba wa nanomita 20, atomi zilizo usoni ni takriban 3 katika kila 100. Katika mchemraba wa nanomita 2, ni karibu robo ya atomi zote. Atomi za usoni hazishikwi pande zote; hunasa uchafu, na huweza kumeza nishati. Kwa sababu hiyo udogo si faida tupu. Katika maabara, vipande vyembamba zaidi mara nyingi huonekana kupoteza sehemu kubwa zaidi ya nishati yao.

VIPIMO NA HESABU

Wataalamu hupima ubora wa kitu kinachotetema kwa namba moja, tutakayoiita namba ya ubora. Ukigawa 6.28 kwa namba hiyo, unapata sehemu ya nishati inayopotea katika kila mtetemo. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha ETH huko Zürich, Uswisi, walitangaza kwamba wameunda vijiti vya almasi ya fuwele moja vyenye unene unaoshuka hadi nanomita 85, na kwamba katika jotoridi la kawaida la chumba namba yao ya ubora ilizidi milioni moja. Vijiti vya silikoni vya vipimo kama hivyo vilikuwa nyuma yake kwa takriban mara 10. Fahamu maana yake: kijiti hicho kilisimama na kugeuka mara 2 katika kila mtetemo, na bado kilipoteza chini ya sehemu 7 za milioni ya nishati yake. Kama kusimama kungekuwa kupoteza, jambo hili lisingewezekana hata kidogo.

Hapana budi kukiri kwamba kijiti kinachopinda si sawa na mashine yenye nyuso zinazosuguana. Kwa hiyo katika hesabu ifuatayo tusitumie namba hiyo nzuri mno. Tuchukue tu, kwa mfano, kwamba mashine yetu inapoteza sehemu moja ya elfu ya nishati yake katika kila safari ya kwenda na kurudi.

Tukusanye vipande vyetu bilioni moja mara bilioni moja. Tungamo lao lote ni gramu 28 tu, kiasi cha kujaa kiganjani. Kama hakuna chombo cha kupokea nishati, na kila kipande kinapoteza nishati yake yote mara 2 katika kila safari, joto litakalotoka ni karibu wati 110,000, sawa na pasi za umeme 110 za wati 1,000 zilizobanwa katika kiganja kimoja. Kitu hicho kitaungua mara moja. Lakini ikiwa nishati inarudishwa, na hasara ni sehemu moja ya elfu, joto litakuwa wati 55, ambalo halifiki hata la balbu moja ya zamani ya wati 60. Tofauti hii ya mara 2,000 haikutokana na kuondoa kusimama. Vipande vinasimama mara zile zile.

Kuna dawa moja zaidi, nayo ni kupunguza mwendo. Pale ambapo upinzani huongezeka kwa kadiri ya kasi, ukipunguza kasi kwa nusu, hasara katika kila safari hupungua kwa nusu. Na kwa kuwa safari kwa sekunde nazo zimepungua kwa nusu, joto kwa sekunde huwa robo. Wati 55 zingekuwa wati 14 hivi. Aliyefanya haraka kwa mara mbili hulipa mara nne. Basi mhandisi wa mashine hizi angependelea vipande vingi vinavyokwenda polepole kuliko vichache vinavyokwenda mbio.

Usidhani kwamba mashine za nanomita zinazokwenda na kurudi ni jambo la kufikirika tu. Ndani ya mkono wa yule mvukutaji wa Katuruka zimo molekuli za protini iitwayo miosini. Kila moja huvuta kwa hatua ya nanomita 5 hadi 10, huachia, hurudi, na huvuta tena. Msuli hugeuza kuwa kazi takriban robo ya nishati anayotumia, au pungufu. Miosini hufanya kazi ndani ya maji, ikigongwa kila upande na molekuli. Almasi katika utupu ingekuwa na njia safi zaidi. Asili imekwisha kututhibitishia kwamba mashine ndogo kiasi hicho huweza kufanya kazi kwa maisha yote ya mtu.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuionyesha kanuni hii bila maabara. Funga jiwe kwenye kamba yenye urefu wa mita 2 na ulitundike darini. Livute pembeni sentimita 20, uliachie taratibu, na uwaambie wanafunzi wahesabu mabembeo kamili hadi umbali wa bembeo upungue kuwa sentimita 10. Idadi hiyo ukiizidisha kwa 4.53 utapata namba ya ubora ya bembea yako. Kwa mfano, mabembeo 50 hutoa namba ya ubora ya 227, na hasara ya karibu asilimia 2.8 kwa kila bembeo. Jiwe limesimama mara 100 na bado lina robo ya nishati yake ya awali, kwa sababu kila liliposimama nishati yake ilikuwa imehifadhiwa katika kimo chake.

Kisha bandika kipande cha karatasi ngumu kwenye jiwe ili kikamate hewa, na mrudie jaribio. Halafu tundikeni kamba kwenye fito inayotikisika badala ya boriti imara. Katika kila hali jiwe linasimama vile vile, lakini hasara inabadilika. Wanafunzi wataje wenyewe ni mlango upi umefunguliwa. Mwisho wakokotoe: kijiti cha almasi chenye namba ya ubora ya milioni moja kingetetema mara ngapi kabla ya bembeo lake kupungua kwa nusu? Jibu ni karibu mara 220,000.

HITIMISHO

Nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Kwa hiyo mbele ya mashine yoyote ya kwenda na kurudi tuulize maswali matatu: kitu kinaposimama, nishati yake inapokelewa na nani? Kinageuzwa kwa ulaini au kwa mshtuko? Na je, kasi yake ni kubwa kuliko inavyolazimu?

Maswali hayo hayana ugeni katika nchi yetu. Schmidt na mwenzake Donald Avery, katika makala waliyochapisha mwaka 1978 katika jarida la Science, walieleza kwamba katika tanuri la Kihaya mirija ya udongo iliingia ndani ya tanuri, hivyo hewa ya mivukuto ikapata moto kutokana na joto la tanuri lenyewe kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamepinga ukubwa wa jambo hilo, na mjadala umeendelea. Lakini wazo lenyewe, la kukirudisha kazini kile ambacho kingepotea, ni wazo lile lile la gurudumu la cherehani na la springi ya almasi.

Almasi ya Mwadui huthaminiwa kwa uzito na mng'ao wake. Almasi ya mashine itathaminiwa kwa elimu ya yule atakayejua nishati inatorokea mlango gani, na namna ya kuufunga. Elimu hiyo haichimbwi mgodini. Yaweza kuanzia kwenye jiwe na kamba, katika darasa la shule yoyote ya sekondari ya Bukoba au Muleba.